Sura ya Sita: Mzigo Unaosukuma

Kabla hakujapambazuka vizuri, foleni ya Malaba huwasha injini. Hakuna aliyeitwa mbele na msururu haujasogea hata kwa gari moja, lakini malori yanawashwa, moja baada ya jingine, na kuachwa yangurume. Yanajaza upepo. Lori lenye breki nzima hulala na upepo wake likaamka nao. Dereva anatupia geji jicho, anavuta tena blanketi. Lenye tundu mahali fulani huamka mshale ukiwa umelala chini kabisa, kengele inalia kabini, na dereva hana budi kukanyaga mafuta kwa dakika kadhaa kabla magurudumu hayajakubali kuzunguka. Kufikia hapo majirani wote wameshaijua hali ya gari lake. Utingo aliyetandika mkeka chini ya trela aliijua tangu usiku wa manane, maana ile sss ilikuwa juu ya kichwa chake.

Barabara ya kutoka Busia hadi Malaba ina kama kilomita 30, inaambaa na mpaka wa Uganda, na Alupe iko humo njiani, karibu zaidi na Busia. Wengi wanaijua Alupe kwa hospitali iliyoanza kama makao ya wagonjwa wa ukoma, kwa kituo cha utafiti cha KEMRI, na siku hizi kwa chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2022. Madereva wa masafa marefu wana sababu nyingine ya kuikumbuka. Mwaka 2020, corona ilipoingia, sampuli zao zilipelekwa kwenye maabara ya hapo, na wao wakingoja majibu foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita. Watu walihesabu hasara ya mizigo iliyooza. Hasara ya magari haikusemwa sana, ingawa gari linalosimama muda mrefu huumia kwanza kwenye breki: ngoma hushika kutu, maji hutuama kwenye matangi ya upepo, na mpira uliokuwa na ufa mdogo hukauka ukapasuka.

Mtu akisifu lori lake hutaja injini. Ni la nguvu farasi ngapi, linapanda vipi, linalipita la nani mlimani. Sijawahi kumsikia mtu akijisifu kwa jinsi lori lake linavyoteremka, na hilo ndilo kosa letu kubwa la barabarani. Injini ikishindwa kwenye mlima wa Timboroa utasimama kando, utakunywa chai, utamwita fundi. Breki za trela zikishindwa upande wa pili wa mlima huohuo hakuna chai.

Tupige hesabu kidogo. Toka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na katikati barabara inapanda kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 2,700 maeneo ya Timboroa, kisha inateremka hadi karibu mita 1,200 mpakani. Lori la ekseli sita, yaani kichwa chenye ekseli tatu na trela yenye tatu, linaruhusiwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kubeba hadi jumla ya tani 50: tani 8 mbele, 18 kwenye ekseli mbili za kichwa, 24 kwenye zile tatu za trela. Ndiyo mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye inayohakikisha. Sasa literemshe lori hilo mita 100 tu kwa wima, kwenye mteremko mkali ambao kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa utaumaliza chini ya dakika 2. Nguvu inayoachiliwa na uzito huo inatosha kuchemsha mitungi saba ya maji, ile ya lita 20. Sehemu ndogo huliwa na tairi na hewa. Iliyobaki lazima iende mahali: ama injini iishike kwa gia ndogo na breki ya ekzosi, ama lainingi na ngoma za breki ziipokee kama moto.

Dereva anayeitupa gia niutro ili aokoe dizeli anakuwa ameifukuza injini kwenye kazi hiyo, na karibu mitungi yote saba imebaki kwa breki. Mteremko wa Salgaa, kati ya Nakuru na Eldoret, ulipata jina baya kwa mtindo huo, na mabango ya kuwaonya madereva watumie gia ndogo hayakutosha kuuzima. Dizeli inayookolewa haijazi hata debe.

Turudi kwenye trela yenyewe, na twende nyuma ya kabini pale mipira miwili iliyojisokota inaponing'inia, mmoja mwekundu na mwingine wa manjano. Kwenye magari yaliyofuata mtindo wa Kimarekani, huo wa manjano huwa wa buluu. Mwekundu unapeleka akiba: upepo wa kujaza matangi ya trela, unaokaa ndani muda wote safari inapoendelea. Wa manjano unapeleka amri. Dereva akikanyaga, upepo kidogo hupita kwenye wa manjano hadi kwenye vali iliyo karibu na ekseli za nyuma, na vali hiyo ndiyo inayofungua akiba ya trela yenyewe iingie kwenye mabusta, yale makopo ya chuma yanayosukuma breki. Ingekuwa upepo wote unatoka kichwani kwa kila kanyago, ungechelewa njiani, na trela ingeendelea kusukuma wakati kichwa kimeshaanza kusimama.

Sasa tazama ujanja wa mpira mwekundu. Ukikatika, matangi ya trela hayamwagi upepo wake hovyo. Vali inahisi kwamba kichwa kimepotea na inaifunga breki papo hapo. Fikra hii ni ya zamani kuliko lori. George Westinghouse, Mmarekani, alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, akiwa kijana wa miaka 22, lakini ile ya kwanza ilikuwa na ubaya mmoja: mpira ukichomoka, behewa la nyuma linabaki bila kitu. Miaka michache baadaye, 1872, aliigeuza kichwa chini miguu juu. Upepo ukawa ndio unaoiachia breki, na kukosekana kwa upepo ndiko kunakoifunga. Lori lolote linalovuka Malaba leo linatumia wazo hilo, na ndiyo maana lile lenye tundu haliwezi kuondoka alfajiri: springi ndani ya busta zinakuwa zimebana, na upepo ndio unaozirudisha nyuma.

Mpira wa manjano hauna huruma hiyo. Ukichomoka, au mtu akiufunga, hakuna kinachotokea. Trela inafuata kama kawaida, tairi zinazunguka, taa zinawaka, dereva anapiga stori. Atagundua siku atakayokanyaga kwa dhati. Ndiyo maana dereva mzoefu akishaunganisha trela hufanya jambo moja dogo kabla ya kutoka uwanjani: anasogea taratibu, anakanyaga kidogo, na anasikiliza nyuma kunamjibu nini.

Fundi wa breki wa foleni hafanyi kazi peke yake. Anahitaji mtu kabini, mara nyingi utingo, na yeye mwenyewe anaingia chini ya trela akiwa na spana na kipande cha chaki. Anachora alama kwenye fimbo inayotoka ndani ya busta, kisha anapaza sauti: "Kanyaga!" Fimbo inachomoka. Anapima kwa vidole au kwa rula. "Achia!" Inarudi. Anakaza skrubu ya slaki, ule mkono unaounganisha fimbo na breki, anarudia tena, "Kanyaga! Shikilia hapo!", anasikiliza kama kuna panapovuja, anahamia gurudumu la pili. Kwa busta la ukubwa unaotumika sana, fimbo haifai kutoka zaidi ya inchi 2. Busta hilo, upepo ukiwa na nguvu ya pauni 100 kwa inchi ya mraba, hubana kwa nguvu ya kilo zaidi ya 1,300. Lakini fimbo ikifika mwisho wa safari yake kabla lainingi haijashika ngoma sawasawa, nguvu zote hizo zinaishia kwenye ukuta wa busta.

Hapo ndipo joto linapofanya ubaya wake wa pili. Ngoma ikipata moto hupanuka. Lainingi inabidi iifuate mbali zaidi, na fimbo inatoka zaidi. Breki iliyopimwa uwanjani ikiwa baridi na kuonekana inafaa kwa shida inaweza kupotea kabisa nusu ya mteremko, bila kitu chochote kuvunjika. Baadaye ngoma zikipoa, mkaguzi atazikuta breki zinafanya kazi, na dereva akisema zilikataa hataaminika. Slaki zinazojikaza zenyewe zimepunguza tatizo hili kwenye trela mpya. Kwenye zile zilizonunuliwa mitumba Ulaya zikafika hapa na umri wao, chaki bado ni chombo bora.

Nina ugomvi na desturi moja ya barabara hii. Busta likipasuka njiani, njia ya haraka ni kuubana mpira wake kwa waya na koleo ili upepo usivuje, na kuikaza ile boliti ndefu inayorudisha springi nyuma. Gurudumu hilo sasa halina breki ya kukanyaga wala ya kuegesha, lakini gari linatembea. "Nifike Malaba tu," ndiyo sentensi inayofuata. Akifika Malaba anasema nifike Kampala. Nimeona trela yenye mabusta mawili yaliyofungwa hivyo upande mmoja. Ukilikanyaga gari kama hilo kwenye lami yenye mvua linavutwa upande wenye breki. Simlaumu fundi aliyelala chini ya gari saa sita ya usiku, wala dereva aliyepewa siku za kufika na pesa za njiani zilizohesabiwa. Mwenye gari ndiye anayejua bei ya busta jipya, na ndiye asiyekuwepo.

Kwenye malori ya zamani, karibu na usukani, kuna kishikio kidogo kinachofunga breki za trela peke yake. Kwenye mengi ya kisasa kimeondolewa, na madereva wazee wanakisikitikia. Kilikuwa na kazi nzuri: trela ikianza kusukuma na kukipindisha kichwa, ukikivuta kidogo trela inajishika nyuma, na gari zima linanyooka kama kamba iliyovutwa. Kilikuwa na matumizi mabaya pia. Wapo walioteremka mlima mzima wakikishikilia, ili walinde lainingi za kichwa. Trela ilifika chini ikifuka moshi, na ikiwa dharura ingetokea pale, nusu ya breki za gari zilikuwa zimeshakwisha. Kosa lilikuwa la mkono ulioshika, ingawa naelewa kwa nini watengenezaji walichoka kuuamini mkono huo.

Kishikio hicho kina ndugu yake mdogo, naye anastahili kujulikana huku kwetu kuliko anavyojulikana. Tutoke kwenye malori. Barabara za Busia zimejaa trela nyingine: za miwa zinazovutwa na matrekta kutoka Nambale na Matayos, mashine za kukoboa mahindi, matangi ya maji, mashine za kuchanganya zege, jenereta za sherehe. Nyingi zimechomelewa na mafundi wa jua kali, na wanazijenga imara. Chasisi haipindi. Ekseli ni ya gari kuukuu. Taa ukipata bahati. Breki hakuna. Na kinachozivuta zaidi na zaidi ni pikapu.

Fungua kitabu cha mwongozo cha Hilux au D-Max ya dizeli na utakuta, kwa miundo mingi ya miaka ya karibuni, tarakimu mbili za uzito unaoruhusiwa kuvutwa. Trela yenye breki: hadi kilo 3,500. Trela isiyo na breki: kilo 750. Ni pikapu ileile, injini ileile, ndoano ileile. Tofauti yote ya kilo 2,750 imetokana na breki za kinachofuata nyuma. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja kabla hujahesabu chuma. Kwa hiyo kila pikapu unayoiona Alupe ikivuta tangi kama hilo bila breki imeshavuka kikomo chake.

Ulaya walitatua hili kwa breki ya kusukumwa: trela ikiisukuma pikapu, bomba kwenye shingo yake linarudi nyuma na kuvuta waya wa breki. Haihitaji umeme wala kifaa chochote kwenye gari, na fundi mzuri anaweza kuitengeneza. Udhaifu wake unaonekana kwenye mteremko mrefu, kwa kuwa trela inasukuma muda wote na breki inasugua muda wote. Marekani na Australia wanapendelea breki ya umeme. Ndani ya ngoma kuna sumaku. Ikipata umeme inang'ang'ania ngoma inayozunguka, inaburutwa nayo kidogo, na mwendo huo unasukuma kishoka kinachotanua lainingi. Anayeamua sumaku ipate umeme kiasi gani ni kisanduku kidogo kinachofungwa chini ya dashibodi, karibu na goti la dereva.

Visanduku vya bei rahisi hupandisha umeme kwa muda: ukikanyaga vinahesabu na kuongeza, bila kujali kama umekanyaga kwa ajili ya kuku au kwa ajili ya lori lililosimama. Vizuri vina kihisio ndani kinachopima pikapu inapunguza mwendo kwa ukali gani, na kuifanya trela ipunguze vivyo hivyo. Kama una pesa ya kisanduku kimoja tu, nunua cha namna hii ya pili. Vyote vina kitufe au kishikio cha kufunga breki za trela peke yake, na hapo ndipo undugu na lori la zamani unapoonekana.

Kukifunga kisanduku si kazi kubwa, lakini mafundi wa mpakani wamezoea malori, na lori ni volti 24. Pikapu ni 12. Kisanduku na sumaku za volti 12 zikiunganishwa na umeme wa lori, hata kwa majaribio ya dakika moja, unaweza kwenda kununua vingine. Kwa kawaida kisanduku kina nyaya nne: mweusi unaenda kwenye chanya ya betri, mweupe unaenda kwenye hasi ya betri, mwekundu unachukua ishara kwenye swichi ya taa ya breki pale juu ya kanyagio, na wa buluu unatoka kwenda kwenye sumaku za trela. Mwekundu unatakiwa upate umeme mguu ukikanyaga tu. Pima kwa taa ya majaribio kabla hujakata chochote, kwa kuwa juu ya kanyagio huwa kuna waya zaidi ya mmoja na si zote zinazofanya kazi moja.

Mahali mafundi wanapobana matumizi ni kwenye unene wa nyaya. Kila sumaku hula karibu ampia 3. Trela ya ekseli mbili ina nne, kwa hiyo ampia 12 zinasafiri kutoka betri mpaka nyuma kabisa ya trela na kurudi. Nimeona kazi hii imefanywa kwa waya wa spika. Kabini kisanduku kilionyesha kwamba kinafunga breki, taa yake inang'aa vizuri, na nyuma sumaku zilipokea umeme usiotosha hata kung'ang'ania ngoma. Waya wa betri na ule wa buluu uwe mnene, angalau milimita 4 za mraba, na uwe na fyuzi karibu na betri. Hasi ya trela isitegemee ndoano yenye kutu na grisi. Ipewe waya wake.

Kisha inakuja kazi ya kupima, na kwa barabara hii nashauri kuikimbia lami kuu, yenye matuta na malori, na kutafuta murramu tambarare isiyo na watu. Trela iwe na mzigo wake wa kawaida. Endesha kilomita 40 kwa saa, usiguse kanyagio, vuta kishikio cha kisanduku peke yake. Kama pikapu haihisi kitu, ongeza. Kama tairi za trela zinaburuzika na kuacha mistari kwenye murramu, punguza. Unatafuta kiwango kilicho chini kidogo ya pale zinapoanza kuburuzika. Tangi likimwagwa maji, kiwango hicho si sahihi tena, kwa kuwa trela tupu huburuzika kwa umeme mdogo zaidi. Mvua ikinyesha kwenye udongo wa huku, punguza tena. Dereva akizoea, inakuwa jambo la kidole gumba kila anapopakia na kushusha.

Kinabaki kitu kimoja ambacho wauzaji wa trela hukisahau na wanunuzi hawakiulizi: betri ndogo juu ya shingo ya trela na pini yenye kamba ya chuma. Trela ikichomoka, kamba inavuta pini, betri inazipa sumaku umeme wote, na trela inasimama yenyewe. Ni kazi ileile ya mpira mwekundu. Kamba hiyo ifungwe kwenye chasisi ya pikapu. Ikifungwa kwenye ndoano, siku ndoano itakapong'oka itaondoka na kamba, na pini haitachomoka kamwe. Jaribio lake ni rahisi: chomoa pini kwa mkono gari likiwa limesimama, kisha jaribu kuivuta trela. Ikifuata, betri imekufa, na haifai kupakiwa hata mtungi mmoja mpaka iwekwe nyingine.